Mwenye Video na Mabibi Harusi Wawili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu zenu mbali kwanza. Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyekuwa jirani yangu hapa Karatu, ukuta kwa ukuta, zaidi ya miaka kumi na mitano. Sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wapo watu wake wa kuyasema. Mimi nitasema nilichokiona, na nilichokisikia kupitia ukuta. Nitasema pia jinsi nilivyoogopa, maana katika habari hii karibu kila mtu aliogopa kitu, na woga wetu ndio uliotaka kutumaliza.

Tulimwita Mwenye Video. Wengine walimwita Mangi, kama wanavyoitwa watu wote waliotoka Kilimanjaro, hata yule anayeuza viberiti tu. Yeye aliniita Mama Paskalina, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Paskalina alipofariki hakuacha kuniita hivyo. Miezi ya mwanzo nilitamani kumpiga na mwiko. Baadaye nikaona kwamba katika mji mzima ni yeye peke yake aliyekuwa bado analitaja jina hilo kila asubuhi, akifungua kufuli la kibanda chake, nikanyamaza.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao za mierezi, televisheni juu ya rafu, na deki ya video iliyofunikwa kitenge kwa sababu ya vumbi letu jekundu. Siku ya mnada kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Jiko langu lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikikoroga makande nasikia bunduki, nasikia visu, nasikia wanawake wanalia kwa lugha ambazo hata padri hazijui. Mwaka wa kwanza nilitoka mbio mara mbili nikijua kuna mtu anauawa kweli. Mara ya pili nilimkuta Mwenye Video amesimama nje, ameegemea nguzo, anaangalia barabara kama mtu anayesubiri basi.

Nikamuuliza, mbona humo ndani watu wanachinjana na wewe uko hapa? Akaniambia hawezi kuangalia mtu akifa.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akikaa mlangoni kwenye kigoda, mgongo ameupa televisheni, miaka yote hiyo. Alizijua sinema zake kwa masikio. Muziki ukibadilika, akajua sasa mtu anakufa, anainuka anatoka. Watazamaji walishamzoea. Akiinuka tu, watu wanaambiana, "Mwenye Video katoka, jamani, kuna mtu hapa hafiki mwisho." Hata kuku wake wa Krismasi alikuwa ananiletea mimi nimchinjie, amemshika mbali na mwili wake kama ameshika moto. Nilimcheka sana. Nikamwambia wewe unauza vifo kutwa, kuku mmoja anakushinda? Akajibu, "Kwani muuza bucha lazima awe mchinjaji?"

Lakini kazi yake hasa haikuwa kuonyesha. Kazi yake, na ugonjwa wake, ilikuwa majina.

Kaseti zilikuwa zinatoka Arusha kwenye maboksi, na asilimia kubwa zilikuwa zimelala kwenye kava zisizo zao. Kava linaonyesha mtu na farasi, ndani kuna harusi ya Wahindi. Basi kila asubuhi, kabla ya watu, alikuwa anaziweka moja moja, sauti ameipunguza, jicho moja amelifumba, mpaka ajue hii ni nini. Kisha anakata plasta nyeupe ile ya kidonda, anaibandika kwenye kaseti, anaandika kwa kalamu: jina la sinema, mwaka, waigizaji, na chini kabisa idadi ya wanaokufa. Mwandiko wake ulisimama wima kama askari. Alikuwa akisema kava ni shahidi wa kununuliwa, usimwamini mpaka umhoji.

Alijifunza hayo kwa aibu. Jumapili moja, kabla hajawa mwangalifu hivyo, aliwaalika watoto wa shule ya Jumapili waje waone maisha ya Yesu. Kava lilikuwa na Yesu, tena mzuri, na kondoo begani. Ndani ya kaseti walikuwa watu wanakatana vichwa kwa mapanga. Alichomoa waya ukutani kwa mikono miwili, lakini watoto walishaona. Alikuwa mwimbaji wa besi kanisani kwao, Walutheri wale wa kule juu. Kwa muda mrefu hakuimba tena. Alikaa benchi la nyuma, peke yake, na hakuna mtu aliyemwambia akae huko. Toka siku ile hakuna kaseti iliyoingia kwenye deki yake bila kuhojiwa.

Kuna siku nyingine ambayo alinisimulia yeye mwenyewe, na naiweka hapa kwa sababu ina kazi mbele. Wazee wa Kimaasai watatu, waliotoka Enguserosambu na ng'ombe wa kuuza, waliingia kibandani siku ya mnada. Mnada uliotangulia walikuwa wameingia pia, wakaona sinema ambayo mtu mmoja mrefu anapigwa risasi na kuzikwa. Safari hii kwenye sinema nyingine mtu yuleyule amekaa anakunywa chai. Mzee mmoja akachukua fimbo yake akatoka nje, akamwuliza Mwenye Video ni nani amemrudisha yule. Naye akaeleza kwamba hiyo ni kazi ya waigizaji, wanafanya kama wanakufa, halafu wanakwenda nyumbani. Akataka kumwonyesha, akaanza kumsomea kwenye plasta jina la yule mtu. Mzee akainua kiganja.

"Inatosha. Aliyekufa haitwi."

Wakaondoka wote watatu. Mwenye Video alikuwa mtu wa kucheka, lakini alipokuwa ananisimulia hakucheka. Aliniuliza, "Sasa Mama Paskalina, mtu asipoitwa atapatikanaje?" Nilimwambia hayo ni ya wenyewe, yeye aangalie kaseti zake.

Basi muelewe na habari zangu kidogo. Sisi ni Wairaqw, na Paskalina aliolewa na kijana wa Kimaasai wa Arash, aliyekuwa mlinzi kwenye loji moja kule juu kwenye ukingo wa kreta. Kijana mwenye adabu. Aliniletea kondoo, na tangu siku ile akaniita Paker, kwa ajili ya kondoo huyo, na jina langu hajawahi kulitamka mpaka leo. Akisema nami anaangalia pembeni, ndiyo heshima ya mkwe. Harusi ilifanyika hapa Karatu mwaka ule wa mvua zilizobomoa madaraja, na Mwenye Video ndiye aliyebeba kamera begani, kubwa kama tofali la kuchoma, akatembea kinyumenyume mbele ya maharusi mpaka akaanguka kwenye mtaro. Watu walicheka. Paskalina alicheka kuliko wote, akashika tumbo, shela likateleza.

Miaka mitatu baadaye alikufa, akaniachia mtoto wa mwaka na nusu, Naserian.

Kwa baba yake Naserian, marehemu hatajwi jina. Niliambiwa, nikakubali. Ninyi mtadhani nilikubali kwa sababu ya kuheshimu mila ya wakwe, na mimi niliwaambia watu hivyo. Sikuwa nasema kweli. Nililiogopa lile jina. Nililiogopa kama mtu anavyoogopa kukanyaga mahali alipoumwa na nyoka. Kaseti ya harusi niliiweka chini kabisa kabatini na nikasema katika nyumba hii haitaangaliwa. Picha tulikuwa nayo moja tu, ya kipaimara, wasichana thelathini mbele ya kanisa, na uso wake ni mdogo kama punje ya mtama.

Sasa nirudi kwa jirani.

Wakati wa kompyuta ulipofika, alikwenda Arusha akarudi nayo kwenye basi ameipakata, imefungwa blanketi kama mtoto mwenye surua. Kaseti zake zote akaanza kuzihamishia humo. Na humo ndani akaweka programu aliyoiita maktaba. Aliniita niione. Alikuwa na furaha kama ng'ombe aliyefunguliwa nira. Akanieleza kwamba unaipa programu faili la sinema, nayo inasoma jina la faili, inakwenda kwenye mtandao, inatafuta, inarudi na kila kitu: jina kamili, mwaka, waigizaji, maelezo, na picha ya kava. Modemu yake aliitundika dirishani kwa kamba ya kiatu, kwa sababu mtandao ulipatikana hapo tu. Nikaona kava zinajitokeza moja baada ya nyingine kwenye kioo, zinapendeza, zimepangwa kama vitenge dukani.

Nikamuuliza, na ikikosea?

"Haikosei, mama. Hii imeona sinema zote za dunia."

Nikamwambia hata shetani ameona mengi.

Nilisema kwa mzaha, lakini nilimaanisha. Huyu alikuwa mtu aliyesema kava ni shahidi wa kununuliwa. Leo mashahidi wanamjia wenyewe kwa mamia, wamevaa vizuri, naye hawahoji.

Na kweli ilikosea. Kwaya ya Mbulu ikapewa kava la vita, ndege zinaanguka. Mkanda wa bwana mifugo, ule wa kufundisha ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe, ukapewa kava la Mzungu na Mzungu wanabusiana. Alicheka mpaka akanipigia ukuta nije kuona. Mwanzoni alikuwa anasahihisha kwa mkono, anaandika mwenyewe, anaitoa picha ya uongo. Lakini faili zilikuwa zaidi ya mia tisa, na macho yake yalishaanza kuwa na ukungu. Akachoka. Akaanza kuziacha. Mwisho akaniambia amepata njia: kompyuta imejaa, na kuna sinema zimo mara mbili. Kava mbili zinazofanana, anafuta moja. Hana haja ya kufungua, kava linatosha.

Kava linatosha. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikaendelea kupeta mchele.

Naserian alikuwa anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Alipokuwa na miaka kumi, siku moja tunaosha vyombo, akaniuliza mama yake alikuwa anacheka vipi. Nikamwambia asuuze sufuria. Hakuuliza tena. Lakini wiki chache baadaye nilimkuta chumbani amesimama mbele ya kioo na ile picha ya kipaimara, anaitazama ile punje ya mtama, halafu anajitazama, anakunja mdomo hivi, anakunja hivi. Anajaribu nyuso. Anatafuta ipi ilikuwa ya mama yake.

Nimeona fisi mlangoni, nimeona tembo kwenye shamba la mahindi. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Nikaenda kabatini. Kaseti haikuwepo.

Nikaenda kwa jirani. Akanieleza, akidhani najua. Mwaka mmoja kabla, mimi nikiwa sipo, watoto wa nyumba walimtolea mkwe wangu kaseti nje, akaona ina ukungu, akaichukua akampelekea aiokoe kwenye kompyuta. Iliokolewa. Kaseti yenyewe ilishaoza, ikatupwa. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama Paskalina, iko humu," akaketi akaandika Paskalina kwenye kompyuta. Hakukuwa na kitu. Akaandika harusi. Zikaja harusi kumi na moja za watu wengine. Akashuka na orodha, kava baada ya kava, Wazungu, Wachina, Wahindi, wenye bunduki na wenye maua. Mara mkono wake ukasimama. Sikujua ameona nini. Nilichokiona ni kwamba jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Akaniambia nimpe wiki.

Wiki haikuisha. Jumatano niliamka sikusikia kufuli. Kibanda kilikuwa tupu, mabenchi tu. Miaka yote hiyo ukuta kwa ukuta, akaondoka bila hata kugonga. Hapo nikakumbuka habari ya kava mbili na kufuta moja, nikakaa chini kwenye magunia ya mahindi. Nikajua. Mwenye Video katoka nje. Kuna mtu amekufa.

Mwaka ukapita na zaidi. Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumtafuta. Kwa sababu nisipomtafuta, labda ipo. Nikimpata, nitajua. Mtoto hakuwa anauliza, nami nikajifanya hilo ni jambo jema.

Aliyenitoa hapo ni mkwe wangu. Alikuja kumwona mtoto, akakaa nje ya mlango kama kawaida yake, akanywa chai yote. Kisha akiangalia upande wa barabara akasema, "Paker, yule mtu wa video yuko Wasso, karibu na hospitali." Akaweka kikombe chini. Akasema tena, polepole, "Siku ile aliniuliza aandike jina gani. Mimi sikuweza kulisema. Nikamwambia aandike bibi harusi. Akaandika kwa Kiingereza, akasema mashine inapenda Kiingereza. Kosa likiwepo, liko kwangu."

Nikamwambia kosa tutaligawana, maana mimi ndiye niliyeifungia kabatini mpaka ikaota ukungu.

Likizo ya shule tukapanda basi, mimi na Naserian. Tulipita geti la hifadhi alfajiri, tukapanda msitu, ukungu mweupe kiasi kwamba dereva alitoa kichwa dirishani kuangalia ukingo wa barabara. Upande wa kreta hakuna kinachoonekana, unajua tu kwamba shimo lipo. Mtoto alilala begani kwangu. Mimi nilikuwa nahesabu sababu za kurudi. Tukashuka nyandani, vumbi, mashimo, pumzi ya mbuzi waliofungwa nyuma yetu, kutwa nzima. Tukalala kwa dada mmoja wa kanisa. Asubuhi tukaanza kuuliza.

Hapo ndipo nilipopata aibu ambayo sijaimaliza. Dada wa kwanza mwenye kibanda cha vocha akaniuliza, "Unamtafuta nani, bibi?" Nikasema Mwenye Video. Akasema wenye video wapo watatu, huyo wangu anaitwa nani?

Sikuwa najua.

Alinichinjisha kuku kumi na tano wa Krismasi. Alibeba jeneza la mume wangu upande wa kulia. Alitaja jina la binti yangu kila asubuhi ya Mungu. Mimi yeye nilimwita jirani, nilimwita Mwenye Video, na sikuwahi kumuuliza. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau mkono wake mahali. Naserian ndiye aliyesema, "Ni yule ambaye hawezi kuangalia mtu akifa."

Yule dada akacheka. "Ah, anayetoka nje. Yupo pale nyuma ya hospitali, anachaji simu."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Amekonda, na macho yake yameingia weupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Mbele yake simu kama ishirini zimelala kwenye meza, kila moja imefungwa kipande cha plasta nyeupe chenye jina la mwenyewe. Alinijua kwa salamu tu. Akasimama.

"Mama Paskalina. Nilijua utakuja. Nimekuwa nikiomba usije."

Nikamwambia aseme.

Akasema. Siku aliyonipa ahadi ya wiki, aliona kava moja kwenye orodha, Mzungu wa kike kwenye shela, ameshika kisu. Akakumbuka neno aliloandika kwa ajili ya mkwe wangu. Mashine ilisoma bibi harusi, ikatafuta duniani bibi harusi ni nani, ikamletea huyo. Na sinema ya huyo Mzungu mwenyewe, ile ya kweli, nayo ilikuwamo humohumo kwenye kompyuta, aliinunua zamani. Kwa hiyo zilikuwa mbili, kava moja, jina moja. Na miezi mitatu kabla alikuwa amepita na kufuta zote zilizojirudia.

Nikamuuliza alifuta ipi.

"Sijui."

"Iliyobaki ni ipi?"

"Sijafungua." Akakaa tena, mikono katikati ya magoti. "Mwaka na nusu, mama. Kila siku naiwasha kompyuta, naliona lile kava, nazima. Nikifungua nikamkuta Mzungu, basi nimemuua mtoto wako mara ya pili. Mimi siwezi kuangalia. Unanijua."

Mimi ni mtu wa maneno makali, hata nyinyi mnalalamika. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu getini. Nilipomwangalia nikaona kwamba tulifanya kitu kilekile, yeye na kava lake, mimi na kabati langu. Nikamwambia awashe jenereta.

Kompyuta ilikuwa ndani, chini ya kile kitenge cha siku zote. Jenereta ikatetemesha mabati. Kioo kikawaka, kava zikajipanga, akashuka nazo, uso wake karibu unagusa kioo. Akafika kwa yule mwanamke na kisu. Naserian alikuwa amenishika kanga kwa nyuma. Mwenye Video akaweka kidole chake kwenye kile kipanya, hakibonyezi. Akaanza kuinuka kigodani. Nilijua anakwenda wapi. Nikamkamata mkono nikamwambia, leo hutoki. Nikabonyeza mwenyewe, juu ya kidole chake.

Kioo kikawa cheusi. Kukawa na mistari mistari, ile ya kaseti mbovu. Halafu sauti ikatangulia kabla ya picha, na ilikuwa vigelegele. Vigelegele vyetu, vile vya kina mama wa Karatu, siyo vya nchi nyingine yoyote.

Mwenye Video akafunika uso kwa viganja akalia kama mtoto.

Picha ikaja. Uwanja wa kanisa, matope, wanawake wengi wamevaa kitenge cha aina moja, na mabinti wanne wa kusimamia wamevaa nyeupe pamoja na bibi harusi, kwa sababu mwaka ule ndio ulikuwa mtindo, na shela la bibi harusi lilikuwa limeshaanguka. Kamera ikayumba, ikaona mbingu, hapo ndipo jirani alipoanguka mtaroni. Ikarudi. Wote watano wanacheka.

Nilingoja mtoto alie, au aseme kitu. Alikuwa anahamisha macho, kutoka uso huu kwenda huu. Akanivuta kanga.

"Bibi, yupi ni mama?"

Nilidhani nimeshamaliza kuogopa. Kumbe bado. Tulikuwa tumempata, na bado amepotea, kwa sababu uso peke yake haukumwambia mtoto kitu. Ilibaki mtu amtaje, na mtu huyo alikuwa mimi. Miaka kumi sikuwa nimelitoa kinywani.  Nikaweka kidole kwenye kioo, kwenye yule aliyeshika tumbo.

"Huyu. Huyu ni Paskalina. Hivyo ndivyo alivyokuwa anacheka."

Mtoto akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo. Akacheka kidogo, akijaribu. Mara moja tu, akapatia.

Tulikaa mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, akajaza mengine. Kisha Mwenye Video akapangusa macho akaanza kazi yake, ile ya zamani. Akamtoa Mzungu na kisu chake. Akaniuliza aandike nini, nami nikamtajia, naye akaandika polepole, anarudia kila neno: Paskalina, binti ya nani, ameolewa Arash, mama yake Naserian, kulia kwake ni fulani, kushoto ni fulani. Waigizaji wote, akasema, na wanaokufa hakuandika. Akachagua picha ile ya kucheka ikawa ndiyo kava. Mwisho akabonyeza mahali pa kufunga, ili programu isije ikatoka tena kwenda duniani kumtafutia jina lingine. Akatutolea CD mbili, akazibandika plasta.

Tulipokuwa tunaondoka nikasimama mlangoni. Nikamwambia, jirani, wewe unaitwa nani?

Akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniambia jina lake lote, la ubatizo, la baba na la ukoo. Nikamwomba arudie, nikamwambia Naserian aliandike. Hapa siliandiki, halikuwa la kugawa barabarani. Lakini nyumbani lipo, nyuma ya picha aliyotupiga siku ile, na mwaka uliofuata tulipopata habari zake, tulijua la kumwombea misa.

Niliporudi Karatu niliwakusanya wote wa nyumba hii, wakubwa na wadogo, nikaitundika picha ya Paskalina anacheka, iliyochapwa studio kutoka kwenye CD, nikasema hivi, na ndivyo itakavyokuwa nikiwepo na nisipokuwepo: hakuna picha itakayokaa katika nyumba yangu bila jina nyuma yake, kwa wino, kwa mkono wa mtu anayemjua. Wakija wakwe zetu wa Arash, msilitamke. Wakishaondoka, igeuzeni, mumsomee mtoto.